Mteja wa Laptopu Yenye Waranti Usimwachie Apambane na Kampuni Peke Yake

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongee kuhusu sentensi moja ambayo wengi tunaouza laptopu mtandaoni tunaipenda sana: "Hiyo ina waranti ya kampuni, wasiliana nao."

Ukishasema hivyo unajiona umemaliza. Mimi naona hapo ndipo unaanza kumpoteza mteja. Yeye hakununua kwa kampuni, hata ofisi yao hajui iko wapi. Alikuona wewe Instagram, akakutumia hela kwa simu, ukamtumia mzigo kwa basi. Msimamo wangu ni huu: laptopu mpya ikiharibika ndani ya waranti, muuzaji ndiye abebe ile kesi mpaka mtengenezaji aimalize.

Nachukua mfano wa sauti, kwa sababu sauti ndiyo inasumbua kuliko zote. Kioo kikiwa na mstari, kila mtu anauona. Laptopu isiyowaka, haiwaki, hakuna ubishi. Lakini spika zikikwaruza, mtu wa huduma kwa wateja ana jibu lake mkononi: "Futa draiva, weka upya." Umefanya, bado. "Basi piga Windows upya." Mnazungushana hivyo wiki mbili, mteja anachoka, kesi inafungwa, na spika bado zinakwaruza.

Tusiwalaumu bure lakini. Sauti mbaya inaweza kutoka kwenye programu au kwenye kifaa chenyewe, na dawa zake ni tofauti kabisa. Angalia Apple. Mwaka 2019 walipotoa MacBook Pro ya inchi 16, watu walilalamika kwamba spika zinatoa mlio kama wa kitu kinachopasuka wakisimamisha muziki. Apple wakawaambia mafundi wao wasibadilishe kifaa, shida ni ya programu, wakatoa sasisho. Mwaka 2021 ikawa kinyume. Wakakubali kwamba baadhi ya iPhone 12 na 12 Pro zilizotengenezwa kati ya Oktoba 2020 na Aprili 2021 zina kipuri cha spika ya sikioni kinachoweza kufa, wakafungua mpango wa kuzitengeneza bure. Kampuni ni ileile, lalamiko ni lilelile la sauti, majibu mawili. Kwa hiyo ukimwandikia mtengenezaji "laptopu ya mteja haina sauti nzuri", hujamwambia kitu. Lazima umpe sababu ya kuamini kwamba kilichokufa ni kifaa.

Kupima huhitaji kuwa fundi. Unahitaji nusu saa tu.

1. Chomeka hedifoni kwenye tundu lake. Sauti ikiwa safi huku spika zinakwaruza, shida inaelekea iko kwenye spika zenyewe au waya wake. Na hedifoni nazo zikikwaruza, rudi nyuma zaidi. Sasa jaribu hedifoni za USB au za Bluetooth. Hizo zina chipu yao ya sauti, hazipiti kwenye ile ya laptopu. Zikitoa sauti safi, basi mshukiwa ni chipu ya sauti iliyo kwenye bodi kuu, au draiva yake.

2. Iondoe Windows kwenye lawama. Dell nyingi, ukiwasha huku unabonyeza F12, unapata menyu yenye kipimo cha vifaa. HP nyingi unabonyeza Esc kisha F2. Kipimo hicho kinafanya kazi kabla Windows haijaamka. Spika zikikwaruza hapo pia, habari ya kupiga Windows upya imeisha. Kikitoa namba ya kosa, ipige picha. Laptopu isiyo na kipimo hicho, iwashe kwa flashi yenye Ubuntu, uchague kujaribu bila kuiweka, ucheze sauti.

3. Rekodi video moja isiyokatwa. Anza na namba ya mashine iliyobandikwa chini, geuza, onyesha kipimo, sauti isikike. Ukikata katikati, umempa mtu nafasi ya kuuliza kama ni mashine ileile.

4. Andika barua pepe moja yenye kila kitu: namba ya mashine, tarehe ya kununua, picha ya risiti, tatizo lilianza lini, ulipima nini na ukaona nini, na unachotaka wafanye. Hilo la mwisho wengi tunalisahau. Usiandike "naomba msaada". Andika "naomba ipokelewe kwa matengenezo ya kifaa chini ya waranti, na mnipe namba ya kesi".

Nina mteja Morogoro anayehariri video za harusi. Mtu kama huyo sauti ndiyo mkate wake. Hawezi kujua kama mkwaruzo uko kwenye wimbo wa bibi harusi au kwenye spika yake. Laptopu yake ilianza kukwaruza wiki ya 5. Aliandikia kampuni mara mbili mwenyewe, mara zote akaambiwa aweke draiva upya. Nikamwambia, dada, nitumie mashine. Tukapima kama nilivyoeleza, tukatuma barua moja na video ya dakika 2. Siku ya tatu tukapewa namba ya kesi na kituo cha kuipeleka hapa Dar.

Wakabadilisha spika, wakasema tayari. Nikaiwasha palepale kaunta, nikarudia kipimo kilekile. Mkwaruzo upo. Sikusaini kwamba nimepokea ikiwa nzima. Wakairudisha ndani chini ya namba ileile ya kesi, safari hii wakabadilisha bodi kuu, ikapona. Jumla ilichukua siku 24. Ningeibeba bila kusikiliza, ningemtumia Morogoro mashine mbovu na tungeanza upya.

Kwa hiyo kuna jambo la tano: kesi haifungwi na karatasi, inafungwa na sikio. Na kabla mashine haijaenda, mwambie mteja ahamishe mafaili yake. Usitegemee kwamba kituo kitayatunza.

Haya yote yanaanza siku unayonunua mzigo. Mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, nchi. Waranti nyingine zinafanya kazi nchi ile tu mashine ilikouzwa. Laptopu uliyoagiza Dubai au Marekani inaweza isipokelewe hapa hata kama boksi halijafunguliwa. Weka namba ya mashine kwenye tovuti ya mtengenezaji, angalia kabla hujalipa. Kama haihudumiwi Tanzania, usiandike "waranti mwaka mzima" kwenye tangazo lako. Huo ni uongo na utakurudia.

Pili, siku. Kampuni nyingine wakikosa risiti wanahesabu waranti tangu mashine ilipotoka kwao. Imekaa dukani kwako miezi 5? Mteja kabakiwa na 7. Ndiyo maana risiti ya EFD ni ulinzi wake na wako pia. TRA wana msemo wao wa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Kwenye waranti msemo huo una maana kuliko unavyodhani.

Tatu, bisibisi. Mteja akikwambia spika mbovu, usimruhusu fundi wa mtaani afungue "kuangalia tu". Fundi anaweza kuwa hodari kweli, lakini mtengenezaji akikuta skrubu imeliwa au waya umechanika, atasema uharibifu ni wenu, na hutakuwa na la kumjibu.

Najua mtakachosema. "Laptopu moja napata faida ya elfu hamsini, nitakaaje siku 24 nafuatilia?" Hoja ni ya kweli, siipuuzi. Nauli, kifurushi, muda, vyote vinatoka mfukoni kwako. Lakini hesabu vizuri. Kazi yako halisi hapo ni nusu saa ya kupima, barua pepe moja, na simu chache. Siku zilizobaki mashine iko kwao. Na gharama ya usafiri mnaweza kukubaliana kabla ya mauzo: andika kwenye risiti nani analipa kuituma na nani analipa kuirudisha. Mteja hakasirishwi na sharti alilolijua. Anakasirishwa na sharti linalozaliwa siku ya tatizo.

Mwingine atasema, "Mpe kadi ndogo ya sauti ya USB, maisha yaendelee." Mpe ndiyo, afanye kazi huku anasubiri. Ila usiite hiyo suluhisho. Mtu amelipia laptopu yenye spika, siyo laptopu yenye kiraka.

Wa laptopu za mtumba, sisemi mjifanye mna waranti ya kiwanda. Semeni wazi kwamba haipo, na mpeni mteja siku zake za kuijaribu, ziwe 7 au 14, zimeandikwa. Sauti iwe kwenye orodha ya vitu vya kupima kabla ya kutuma.

Na tukumbuke tuna Tume ya Ushindani, FCC, inayopokea malalamiko ya walaji chini ya sheria ya mwaka 2003. Mteja akichoka akaenda huko, jina atakaloanza nalo ni la aliyemuuzia. Jina hilo ni lako.

Kampuni kubwa ikimpoteza mteja mmoja wa Morogoro haitajua. Wewe utajua, maana ana shemeji, ana wenzake wa kazi, na wote wanamuuliza alinunua wapi.

Wewe mteja akirudi na laptopu yenye sauti mbovu, unaanza na nini? Na kampuni ilikujibu nini? Andika hapo chini tujifunze.