Rupia Si Hazina ya Mashimo

Wako watu Iringa na Mbeya wasadikio kwamba rupia ya Mjerumani ni akiba ipandayo bei daima, na kwamba aifukuaye atalala maskini aamke tajiri. Imani hii yapasa kukanushwa. Rupia moja ya fedha ina uzito wa gramu 11.66 tu, na hela za shaba hazina fedha hata chembe. Hata ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye sura ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, haitafutwi kwa dhahabu yake peke yake, bali kwa habari zake.

Basi, achimbaye penye boma la kale au kaburi huitoa sarafu na kuiua habari yake. Huyo si mkusanyaji, ni mharibifu. Rupia ndizo zilizodaiwa wazee kwa kodi ya nyumba tangu 1898. Zina ushahidi wa kutoa. Mkusanyaji wa kweli huandika mahali sarafu ilipopatikana, wala haisugui ing'ae. Mtaka cha mvunguni huinama. Na ainame juu ya daftari, si juu ya shimo.