Kitako bapa kisikudanganye

Mimi ni mzaliwa wa Kalembe, mashariki mwa Kongo. Vita vilinisukuma hadi Minova, kando ya Ziwa Kivu, na huko ndiko nilikojifunza ziwa.

Nina jambo moja la kusema kuhusu mashua. Mashua ya kitako bapa hutulia kama meza maji yakiwa shwari, ndiyo maana mgeni huiamini haraka. Lakini watu wawili wakisimama upande mmoja kuvuta wavu, ukingo ukaingia majini, haikupi nafasi ya kujirekebisha. Inapinduka hapo hapo. Maji yaliyobaki ndani ya mashua nayo ni hatari: ikiinama kidogo tu, yote hukimbilia upande ule ule na kuuzidishia uzito. Chota maji kila mara. Mzigo ukae chini, katikati, na wavu uvutwe mkiwa mmepiga magoti.

Wavuvi wa Kivu wanaovua samaki wadogo waitwao sambaza huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, kisha usiku wanashusha wavu kwa mwanga wa taa. Upana ule ndio unaowashikilia, nami nauheshimu sana ufundi huo.

Uzito kupita kiasi nao huua. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iitwayo Merdi ilitoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, kwa kuwa vita vilikuwa vimekata barabara. Ilizama ikikaribia bandari ya Kituku, Goma, machoni pa watu waliokuwa nchi kavu. Makumi walikufa.

Wazazi wenzangu, mtoto asipande mtumbwi bila jile la kuokolea maisha, hata kama mnavua karibu na ufuko.