Pa Kuzeekea: Kutoka Wundanyi Hadi Kibra

Mwezi uliopita nilipanda gari Mwatate nikaikwea ile barabara ya mizunguko iendayo Wundanyi, si kwa arusi wala kwa matanga, bali kwenda kutazama kipande cha ardhi. Mimi ni mtu wa mwambao. Nimezaliwa kwenye joto na chumvi, kisha kazi ya kalamu ikanileta Nairobi, na hapa nimekaa miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu. Sasa hamsini imeshapita, sitini inabisha hodi, na kila baraza ninayoketi siku hizi mazungumzo ni yale yale: fulani amenunua Ngong, fulani ameona pazuri Lushoto, fulani amejengewa na wanawe huko Taita, penye ubaridi na maji ya kijito. Nami nikaona nisiachwe nyuma.

Sitaki kudanganya, mahali penyewe panapendeza. Ni nusu eka ya mteremko, imekatwa matuta kwa mkono, ina migomba kumi hivi na mti mmoja wa parachichi, na ukiinua macho wauona mlima Vuria, wenye mita 2,208, umejifunika wingu kama bibi aliyejifunika ushungi. Hewa yake ukiivuta kifua kinafunguka. Niliketi juu ya jiwe nikaanza ubeti wa kuisifia, ukanigomea kabla ya kufika kibwagizo. Labda ni kwa sababu jicho langu lilikuwa kwingine.

Lilikuwa kwa vijana wawili waliosimama kwenye tuta la juu, majembe mkononi. Walinijibu salamu, wakanyamaza. Nikamwuliza dalali hao ni nani. "Ni ndugu zake mwenye shamba," akasema, "hawana neno." Lakini mtu asiye na neno hukaribia akakupa habari za mvua, haendi kusimama mbali akakutazama. Wilaya ile ya zamani, ambayo sasa ni kaunti ya Taita-Taveta, zaidi ya nusu yake imo ndani ya mbuga za Tsavo. Huko chini tambarare kuna mashamba makubwa ya mkonge. Kilichobaki kwa Mtaita ni ile miteremko aliyorithi kwa baba yake, na ndiyo hiyo hiyo inayotoa kabichi na nyanya tunazozila Mombasa. Nusu eka ambayo kwangu mimi ni pa kupunga upepo uzeeni, kwa vijana wale ni chakula cha nyumba nzima.

Jua lilipotua niliswali magharibi juu ya majani. Sikusikia adhana kutoka upande wowote. Si lawama kwa wenyeji, maana kila watu na dini yao, na wamisheni walifika milima ile zaidi ya miaka mia iliyopita. Lakini niliposalimu nilijiuliza swali ambalo kwenye baraza halikuulizwa: siku yangu ikifika hapa, usiku wa mvua, ni nani atakayeniosha, na jeneza litashushwa na mabega ya nani?

Ijumaa iliyofuata niliswali Kibera, msikiti wa Makina, kama nifanyavyo mara nyingi. Baada ya swala nilimfuata mzee mmoja wa Kinubi ambaye kwa heshima namwita Ami, nikaketi barazani kwake. Yeye hasemi Kibera; husema Kibra, kama walivyosema wazee wake, na kwa Kinubi maana yake ni msitu. Nikamweleza safari yangu, nusu eka, ubaridi na wingu la Vuria. Akanisikiliza mpaka mwisho huku akizungusha tasbihi.

"Mwanangu," akaniambia, "unajua umekaa wapi hivi sasa?"

"Kwako, Ami."

"Umekaa mahali pa kuzeekea. Babu yangu alioneshwa hapa kama wewe ulivyooneshwa huko."

Na kweli. Wengi wetu wa pwani tukisikia Kibera twafikiria mabati yaliyokutana masikio, matope na kelele za siasa. Twasahau kwamba mwanzo wake ulikuwa ni hili hili la kutafuta pa kupumzikia. Wale askari wa Kisudani waliokuwa na Emin Pasha kule Ikweta, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 akawatia katika kazi ya Waingereza Uganda, waliingizwa baadaye katika jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902. Walipigana vita ambavyo si vyao katika nchi ambazo si zao. Walipochakaa, jeshi halikuwarudisha walikotoka. Kuanzia mwaka 1904 waliruhusiwa kukaa na jamaa zao katika msitu huu pembezoni mwa Nairobi, penye malisho ya Wamaasai, wakalima mahindi na kufuga ng'ombe. Mwaka 1918 mahali hapa pakatangazwa kuwa ardhi ya jeshi, eka 4,197. Hata jina la Laini Saba limebaki kutoka siku ambazo askari walijifunza kulenga shabaha huko.

Basi ilikuwa ni shamba, tena shamba la milimani kwa kiasi chake, maana Nairobi iko juu kuliko Wundanyi, ingawa kwa msongamano wake tumeacha kukumbuka hivyo. Palikuwa na ubaridi, miti na kijito. Kilichokosekana ni karatasi. Askari alipewa kibali cha kukaa, hakupewa hati ya kumiliki. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa taarifa yake katika miaka ya 1930, ilisema kwamba hawa ni wapangaji wa Serikali kwa hiari ya Serikali yenyewe, ingawa ilikiri kwamba kuna deni la utu juu yao. Deni la utu, msomaji, ni deni ambalo mdaiwa ndiye hupanga siku ya kulipa.

Yaliyofuata wengi mwayajua. Mji ulikua ukaufuata msitu. Mitaa ya nyumba za mawe kama Jamhuri na Lang'ata ilijengwa juu ya sehemu za ardhi ile. Watu kutoka kila pembe ya Kenya walikuja kutafuta kazi, wakapangishiwa vyumba, wakaongezeka mpaka mashamba ya mahindi yakaisha. Mnubi naye, asiye na kijiji kingine cha kurudia mwezi wa Desemba, akawa anaulizwa asili yake kila aendapo kuomba kitambulisho. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi katika jambo la uraia. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta akawakabidhi Wanubi hati ya eka 288, kwa jina la jamii. Piga hesabu: ni eka moja kwa kila eka kumi na nne na nusu za mwaka 1918. Julai ya mwaka 2018, nyumba nyingi za Kibera, na shule pamoja, zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Wapangaji wengi walibeba magodoro wakaenda kutafuta chumba kwingine. Huwezi kuubeba ukoo hivyo.

Nilimwuliza Ami kama hati ile ya 288 imemridhisha. Akatabasamu. Alisema kwamba ni hati ya watu wote, na hilo lina uzuri wake, kwa kuwa mwanawe hawezi kuamka siku moja na deni akaiuza kwa tajiri. Ni kama wakfu, alisema. Lakini mjukuu wake anataka kuipeleka benki ili afungue duka, na benki haina habari na hati ya watu wote. Mimi naona mzee ndiye mwenye haki katika hili. Laiti ardhi zetu za pwani zingalifungwa wakfu nyingi zaidi na kuuzwa kidogo, tungalikuwa tunazungumza mengine leo. Mjukuu na atafute mtaji kwingine, ingawa najua ni rahisi kwangu kusema hivyo, mimi nisiye na duka la kufungua.

Tena tusimhurumie Mnubi kana kwamba sisi tumesalimika. Nendeni Majengo, Mombasa, mkaulize juu ya nyumba bila ardhi. Mzee amejenga kwa udongo na makuti, baadaye kwa mawe na mabati, amezaa humo, ameoza humo, na kila mwezi hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Nyumba ni yake, uwanja si wake. Siku mwenye kiwanja akiuza, mzee huambiwa achukue nyumba yake, na sijui nyumba huchukuliwa vipi. Maneno ya Carter kuhusu Kibra yangaliweza kuandikwa kwa ajili yetu: mpangaji kwa hiari ya mwenye ardhi. Sheria ya mwaka 1908 ya kusajili ardhi za mwambao iliwapa hati waliojua kwenda kudai, na wasiojua wakawa wageni juu ya makaburi ya babu zao.

Kwa hiyo nikisikia watu wetu wakizungumza ubaridi wa milimani, na ploti ya bei nafuu, na picha walizotumiwa kwenye simu, naona twauliza mambo kinyumenyume. Wenye lugha ya Kiarabu husema jirani kwanza, kisha nyumba. Mimi nilitazama wingu la Vuria kwanza, na majirani nikawaona mwisho, wamesimama na majembe. Daftari la ardhi sikulipekua kabisa. Dalali wangu alikuwa na haraka ya kupokea arbuni, na hakunitajia kwamba ardhi ya kilimo haiuzwi bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, wala kwamba mke wa muuzaji lazima akubali. Kama angalinitajia, ningaliuliza pia kama ile nusu eka imekwisha gawanywa kwa hati yake, au bado imo katika jina la marehemu baba yao watatu. Nashuku ni hilo la pili, na kama ni hivyo, anayeniuzia ananiuzia na haki ya nduguze.

Kuna watakaosema nazidisha: Wakenya ni watu wamoja, kila mtu ana haki ya kukaa atakapo. Ni kweli, na katiba yasema hivyo, nami sitapenda Mtaita aambiwe asinunue Mombasa. Lakini kuruhusiwa kukaa si sawa na kukaribishwa. Babu yake Ami aliruhusiwa, tena na dola yenye bunduki. Miaka mia na zaidi baadaye mjukuu wake bado huulizwa anatoka wapi.

Ami alinisindikiza mpaka karibu na reli. Akanyoosha kidole ng'ambo, akanionesha mahali lilipokuwa shamba la babu yake, na mahali ng'ombe walipokuwa wakilala. Mimi niliona ukuta na mafundi wa viatu. Nikamwuliza kama yeye, akipewa nafasi, angehamia mlimani, penye hewa. Akanitazama kama nimemtukana kidogo. "Wazee wangu wote wamelala hapa," akasema, "nani atawasomea?"

Dalali amenipigia simu mara tatu tangu hapo. Nimemwambia anipe namba ya ardhi, na anipeleke tena baada ya Idi, safari hii pamoja na mke wangu, nikae siku nzima na wale ndugu wawili. Nikiambiwa nao kwa vinywa vyao kwamba wameridhika, nitarudi kwenye jiwe lile nikamalizie ubeti.