Kazi ya Waziri wa Ulinzi ni Ipi?

Ndugu wafanyakazi wa machimbo, na ninyi wakaaji wa mji,

Huku kwetu Luberizi, askari si hadithi ya kusimuliwa. Kambi iko hapa, kando ya barabara itokayo Bukavu kupitia Kamanyola kwenda Uvira. Baada ya mapatano ya mwaka 2002 na 2003, kambi hii ilikuwa moja ya vituo ambamo vikosi vilivyokuwa vikipigana wao kwa wao vililetwa kuchanganywa, ili viwe jeshi moja la Taifa. Watoto wetu wanajua kutenganisha kaporali na kapiteni kabla hawajajua kuhesabu mpaka mia.

Lakini ukiwauliza watu wazima, kazini au mbele ya kanisa, waziri wa ulinzi anafanya kazi gani, wengi watacheka. Mmoja aliniambia: "Karani, yule ni mtu wa kupigiwa saluti kwenye kiwanja cha ndege." Mwingine akasema: "Ni jenerali wa majenerali." Wote wawili wamekosea, na kosa hilo limetugharimu damu tangu mwaka 1960. Kwa hiyo yafaa tulizungumze waziwazi.

Waziri wa ulinzi ni raia aliyewekwa juu ya mambo ya jeshi kwa niaba ya raia wote. Haongozi vita. Kuongoza vita ni kazi ya jenerali, aliyejifunza kazi hiyo. Waziri anapaswa kujibu maswali mengine: Taifa lina adui gani? Lahitaji askari wangapi, nao watatoka wapi? Watalipwa kiasi gani, kwa mkono wa nani? Silaha gani zinunuliwe, kwa fedha ipi iliyokubaliwa na wabunge? Jenerali anajua namna ya kupiga. Waziri ndiye wa kusema kwa nini tupige, mpaka wapi, na kwa gharama ya nani. Maswali hayo yasipojibiwa na raia mwenye kuulizwa, yatajibiwa na mtu mwenye bunduki, naye haulizwi na mtu.

Tukumbuke mambo yalivyoanza. Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru. Siku ile jeshi letu, Force Publique, lilikuwa na askari karibu 25,000, lakini hakukuwa na afisa mmoja Mkongomani. Maafisa wote walikuwa Wabelgiji. Bendera ilibadilishwa, wimbo ukabadilishwa, lakini amri zilitoka katika vinywa vilevile. Patrice Lumumba alikuwa Waziri Mkuu, na papo hapo ndiye aliyeshika wizara ya ulinzi. Mtu mmoja, kazi mbili, na kila moja yatosha kumnyima usingizi.

Tarehe 5 Julai, Jenerali Janssens, mkubwa wa jeshi, aliwakusanya askari Léopoldville, akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Hakumwuliza waziri. Aliona kwamba siasa ya jeshi ni mali yake. Siku ileile maasi yakaanza katika kambi za Léopoldville na Thysville, mji uitwao leo Mbanza-Ngungu. Ndani ya wiki moja nchi ilikuwa inawaka: tarehe 10 askari wa Ubelgiji waliingia kati kwa nguvu, na tarehe 11 Katanga, penye shaba, ikatangaza kujitenga.

Lumumba alifanya alichoweza. Alimfukuza Janssens, akawapandisha askari wote cheo kimoja, akamfanya Victor Lundula kuwa jenerali mkuu. Lundula alikuwa amewahi kuwa askari, na wakati ule alikuwa meya wa Jadotville, mji wa machimbo uitwao leo Likasi. Mkuu wa watumishi wa jeshi akawa Kanali Joseph-Désiré Mobutu, aliyekuwa zamani askari wa biro, kisha mwandishi wa magazeti. Tarehe 14 Septemba mwaka uleule Mobutu akageuza jeshi lile na kuwaweka kando wenye siasa. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa.

Sisemi kwamba Lumumba hakuipenda nchi. Alilipa mapenzi hayo kwa uhai wake. Lakini kazi ya karani ni kuandika kilichotokea. Kilichotokea ni kwamba wakati wa kuandaa maafisa ulikuwa kabla ya 1960, na Wabelgiji hawakutaka. Uhuru ulipokuja, hakukuwa na ofisi ya raia iliyojua jeshi lina nini, wala sheria iliyozoewa ya kulishika. Waziri alilazimika kumtegemea mtu kwa urafiki. Urafiki ulipovunjika, hakubaki na kitu mkononi.

Tuwatazame jirani zetu nao. Januari 1964 majeshi matatu ya Afrika Mashariki yaliasi ndani ya siku chache, yakidai mshahara bora na maafisa Waafrika. Tanganyika yalianza tarehe 20. Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi, raia asiye na bunduki, alikwenda kusema na waasi ana kwa ana. Serikali ikapata aibu ya kuomba msaada wa askari wa Uingereza. Lakini aibu ile haikupotea bure: jeshi lile lilivunjwa, na mnamo Septemba mwaka uleule likaundwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kwa mpango uliofanywa na raia.

Uganda nako waziri Felix Onama alikwenda kambini Jinja, akashikwa na askari mpaka akakubali kuwaongezea mshahara. Waasi wengi wakabaki jeshini. Toka siku ile askari walijua kwamba waziri anaweza kubanwa akatoa. Tarehe 25 Januari 1971, miaka saba baadaye, Idi Amin aliichukua nchi nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa niseme jambo ninalolijua kwa kazi yangu, yaani mshahara. Katika machimbo, mimi naandika daftari la mahudhurio. Naandika nani ameingia, nani ameugua, nani hakuonekana. Sitoi fedha. Anayetoa fedha hashiki daftari. Mkubwa wa kikosi cha wachimbaji hashiki daftari wala fedha. Kila mchimbaji anajua sababu: kama mkubwa wa kikosi angeandika majina mwenyewe na kupokea fedha mwenyewe, mwisho wa mwezi angewalipa marehemu, na walio hai wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Basi, ndugu zangu, jeshi letu liliendeshwa hivyo kwa miaka mingi. Kamanda alituma hesabu ya watu wake, na kamanda yuleyule akapokea fedha zao. Majina yalizidi watu. Septemba 1991 askari wenye mishahara isiyotosha kitu walianza kupora Kinshasa, na wizi ukaenea mijini. Januari 1993 walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5, wenye maduka wakazikataa, na risasi zikalia tena. Mwaka 1996 vita vilipofika katika bonde hili, Uvira ilianguka Oktoba, kisha Bukavu, na askari wa Zaire walikimbia wakipora watu waliopaswa kuwalinda. Jeshi lile lilioza tangu siku za malipo, kabla ya adui kufika.

Kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa ujumbe wa Umoja wa Ulaya, njia ya fedha ilianza kutengwa na njia ya amri. Askari walihesabiwa upya kwa alama za vidole, na baadaye wengi wakaanza kulipwa kwa benki. Hili ndilo jambo kubwa ambalo raia ofisini anaweza kulifanya kwa ajili ya vita, bila kushika bunduki. Lakini kazi haijaisha. Benki ziko mjini, na askari yuko mlimani. Fedha isipomfikia, yeye ataifuata mahali anapoiona.

Siku moja nilikuwa nikirudi kwa pikipiki, mbele yetu mama mmoja na gunia lake la mihogo. Penye bariere askari kijana alimtoza kitu, kisha akatugeukia sisi: "Wakubwa, mtuachie hata ya sabuni." Hakuwa mkali. Viatu vyake vilikuwa vimekatika. Dereva akatoa noti, tukapita. Sitaji bariere ile wala kikosi chake. Njiani nilihesabu: mama yule amelipa kodi mara mbili, mara ya kwanza kwa serikali, mara ya pili penye kamba. Kijana yule ana kosa, ndiyo. Lakini kosa lake lina baba, na baba huyo yuko ofisini, hayuko bariereni.

Sheria ipo, tusidanganywe kwamba haipo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 188, yasema kwamba jeshi ni la Taifa zima, halina chama, liko chini ya mamlaka ya raia, na mwenye kuligeuza kwa faida yake anafanya uhaini mkubwa. Kifungu cha 189 chataka askari na makamanda wachaguliwe kwa afya, elimu, tabia njema, na kwa usawa wa majimbo. Kifungu cha 190 chakataza mtu yeyote kuwa na jeshi lake la binafsi. Kifungu cha 91 chasema ulinzi ni kazi ya Rais na serikali kwa pamoja. Tena kifungu cha 138 kinawapa wabunge haki ya kumwuliza waziri, kwa maandishi au kwa mdomo, na kuunda tume ya uchunguzi.

Karatasi ni nzuri. Taabu ni kwamba wizara imekuwa mara nyingi kama nyama ya kugawana. Mobutu alipokuwa Rais aliishika mwenyewe kwa miaka mingi. Mwaka 2003, waliopigana walipogawana serikali, wizara ya ulinzi ilipewa kundi moja, na uongozi wa majeshi kundi jingine. Juni 2004 Bukavu ilishikwa na maafisa waliokuwa bado wanahesabiwa kuwa wa jeshi la Taifa. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi, na nyasi zile zilikuwa mama zetu na dada zetu wa Bukavu.

Najua wengine watanijibu: "Karani, Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu Februari, na Desemba vita vikapita bonde letu mpaka Uvira. Huu ni wakati wa kuwaachia wanajeshi wafanye kazi yao. Habari za daftari ngoja kesho." Neno hili lina uzito, kwa kuwa linasemwa na watu waliofiwa. Lakini nawauliza: ni mwaka gani tuliokataa kuwaachia? Tangu Mei 2021, Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya magavana wa kijeshi, na Goma haikuokoka. Askari asiyelipwa hasimami. Kikosi chenye majina 1,000 na watu 600 kinashindwa kabla ya risasi ya kwanza, maana jenerali amepanga vita yake kwa majina. Wakati wa vita ndipo daftari la kweli linahitajiwa zaidi.

Tena kuna vijana wetu waitwao Wazalendo. Wengi wametoka katika machimbo haya haya, wakaacha nyundo na kushika bunduki kwa uchungu wa nchi. Sheria ya mwaka 2023 iliunda jeshi la akiba la ulinzi. Basi kijana aliyeandikwa humo ni askari wa Taifa, ana haki ya chakula, dawa na amri halali, na mjane wake ana haki ya kutunzwa. Asiyeandikwa, yuko chini ya nani? Swali hili haliwezi kujibiwa na kamanda wa kilimani. Ni la waziri, naye ajibu kwa majina na kwa hesabu.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu, wala si makubwa. Kwanza, wabunge wetu wa Kivu ya Kusini wamwite waziri na kumwuliza waziwazi: askari wangapi wamelipwa, wapi, na kwa njia gani? Pili, fedha za jeshi zifike mahali askari alipo, kwa mkono usio wa kamanda wake. Tatu, kila kijana anayepigana kwa jina la Taifa aandikwe, na amri anazozifuata zijulikane.

Nasi tusikae kimya. Mbunge akija kuomba kura, tusimwulize tu juu ya barabara na mabati ya kanisa. Tumwulize: "Ulimwuliza nini waziri wa ulinzi?" Akinyamaza, tumeshapata jibu. Uhuru wa 1960 ulivunjika siku ya tano kwa sababu jeshi halikuwa na bwana raia. Sisi wa leo tumekwisha kulipia somo hilo mara nyingi, na mama mwenye gunia la mihogo bado analilipia kila siku penye kamba.

Jeshi la Taifa chini ya sheria ya Taifa!

Karani wa machimbo,
Luberizi