Wembe wa Kukunja na Gharama Yake

Kwa askari wa mpakani Namoto, kusini mwa mto Ruvuma, kidevu safi ni sehemu ya sare. Wembe wa kukunja huvutia kwa kuwa hununuliwa mara moja, hunolewa kwa jiwe na mkanda wa ngozi, ukadumu miaka mingi.

Lakini gharama yake kubwa haimo dukani. Wembe mmoja ukipita videvu vingi, damu isiyoonekana huweza kuhamisha virusi vya homa ya ini aina ya B, viishivyo nje ya mwili hata siku 7. Kuusuuza kwa maji hakutoshi.

Basi kila baba awe na wembe wake, au amtake kinyozi afungue mpya mbele ya macho yake. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Leo yafaa kuongeza: na wembe uwe wako.