Kliniki Ianze Kabla Tumbo Halijaonekana

Wapo wakazi wa Chanika wanaokumbuka mjamzito mwenye uchungu akipakiwa kwenye gari usiku, apite Pugu na Gongo la Mboto, kwenda kutafuta kitanda Hospitali ya Amana. Leo kata hiyo ina hospitali ya mama na mtoto, iliyojengwa kwa msaada wa Korea Kusini kupitia shirika lake la KOICA. Kwa upande wa majengo, Chanika imepata ambacho kata nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam bado zinakiomba. Lililobaki ni jambo ambalo hakuna mfadhili atakayetufanyia: mjamzito afike kliniki mimba ikiwa bado changa.

Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 unaonyesha kuwa asilimia 81 ya watoto nchini walizaliwa katika vituo vya afya, kutoka asilimia 63 mwaka 2015-16. Somo la kujifungulia hospitali limeeleweka. Lakini utafiti huohuo unaonyesha kuwa ni asilimia 34 tu ya wajawazito walioanza kliniki ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza mwaka 2016 kwamba hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12. Sisi tunasubiri tumbo lionekane.

Kusubiri huko kuna gharama. Kaswende na VVU vikigundulika mapema, mtoto anakingwa. Upungufu wa damu ukijulikana mwezi wa tatu, kuna muda wa kuutibu. Ukijulikana mwezi wa nane, unatibiwa kwa haraka na kwa hofu. Shinikizo la damu lisilopimwa mwanzoni humwacha muuguzi bila cha kulinganishia siku dalili za kifafa cha mimba zinapojitokeza. Na kuna ambalo hata kliniki ya mapema haliwahi: uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutunga, kabla wanawake wengi hawajajua kuwa wamebeba. Ndiyo maana asidi ya foliki hutakiwa mwilini hata kabla ya mimba, na ndiyo maana kanuni za nchi zinataka unga wa viwandani uongezwe virutubishi. Unga unaosagwa kwenye mashine ya mtaani, ambao ndio ugali wa nyumba nyingi za kata jirani za Buyuni na Zingiziwa, mara nyingi hauna nyongeza hiyo. Watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa wanaopelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni kumbukumbu tosha.

Kwa nini mtu achelewe? Wapo wanaoficha mimba changa kwa kuogopa kijicho. Wapo wasichana wanaoificha kwa kuogopa kufukuzwa shule, ingawa tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliopata ujauzito kurudi masomoni, na mzazi anayeendelea kumtisha bintiye kwa adhabu iliyokwisha anamdhuru. Wapo pia wanaochelewa kwa kukosa fedha za glovu, pamba na nyuzi, kwa sababu sera inasema huduma ya mjamzito ni bure na dirishani anaambiwa vingine.

Kubwa kuliko yote hayo ni mwanaume. Vituo vimemtaka mama aje na mwenza ili wapime pamoja, na nia ilikuwa njema. Lakini watafiti katika mikoa mbalimbali ya nchi hii wamekuta wajawazito waliofika peke yao wakirudishwa, au wakiambiwa walete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kuwa hawana mwenza. Hebu tufikiri: mwanamke aliyetelekezwa anatakiwa apange foleni ofisi ya serikali ya mtaa, aeleze mbele ya mjumbe na waliokaa benchini kwamba aliyempa mimba amekimbia, agongewe muhuri, ndipo apimwe damu. Wengi hawaendi. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inataka mjamzito na mwanaume aliyempa mimba wapewe ushauri na nafasi ya kupima kwa hiari. Hiari haina muhuri.

Mwanaume mwenyewe hatumwachi. Baba wa Chanika anayeamkia mjini alfajiri na kurudi usiku ana udhuru wa siku za kazi, hana udhuru wa miezi tisa. Nauli ya bodaboda hadi kliniki ni wajibu wake, na ruhusa ya kwenda haikuwa yake kuitoa wala kuizuia. Mama mkwe anayesisitiza dawa za miti kwanza naye ajue kuwa mbele ya damu inayotoka hakuna cha kwanza wala cha pili, ni hospitali.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kufikia wahudumu 137,294 nchini, wawili kwa kila mtaa na kitongoji. Halmashauri ya Jiji iwatumie hao hasa katika mitaa mipya ya Chanika, ambako watu wanahamia kila mwezi na jirani hamjui jirani, na kazi yao ipimwe kwa idadi ya wajawazito waliofika kliniki kabla ya wiki ya 12.

Waganga wafawidhi waondoe sharti la barua, popote lilipo, kwa tangazo linalobandikwa mlangoni. Na mwenyekiti wa mtaa atakayefuatwa na mjamzito kuomba barua hiyo asiiandike. Amsindikize kituoni, aulize ni kifungu gani cha sheria kinachoidai, na asiondoke mpaka mama huyo amepimwa.