Besiboli Marekani: timu ya makuta kidogo ikimbilie nyota wa bei kali, ao hapana?

Mwishoni mwa Desemba 2024, mrushaji wa besiboli Corbin Burnes alikubaliana na timu ya Arizona Diamondbacks: miaka sita, dola milioni 210. Timu ile haikuwa imewahi kumpa mchezaji yeyote mkataba mkubwa hivyo. Mu Juni 2025, msimu wake wa kwanza haujafika hata katikati, Burnes akafanyiwa operesheni ya kiwiko. Operesheni ya namna ile inamweka mrushaji inje karibu mwaka mzima, mara nyingi zaidi. Lakini mshahara hausimami. Mu besiboli ya Marekani, mchezaji akiumia analipwa vilevile mpaka mkataba uishe. Arizona ilimaliza msimu na ushindi 80 na vipigo 82, ikakosa kuingia mu mechi za mwisho.

Burnes alijulikana akiwa Milwaukee Brewers, timu ya mji ambao ni kati ya ile midogo kabisa ya ligi. Milwaukee ilimtoa mu Februari 2024, mwaka mmoja mbele ya mkataba wake kuisha, ikakamata vijana wawili pamoja na nafasi ya kuchagua kijana mwingine. Mu 2025, bila Burnes, Milwaukee ilishinda mechi 97. Kati ya timu zote 30 za ligi kubwa, hakuna iliyoshinda nyingi kuliko ile.

Mtu wa haraka atasema jibu liko hapo: timu ndogo iache nyota wa bei kali, kwisha. Lakini jambo lenyewe si jepesi hivyo. Nyuma yake kuna swali lingine ambalo wapenzi wa timu ndogo wanauliza kila mwaka: je, patro wao anaogopa hasara kweli, ao anaficha makuta tu?

Mchezaji huru ni nani

Mashariki mwa Congo watu wanajua zaidi mpira wa miguu. Huko, mchezaji mwenye mkataba akitaka kwenda, klabu mbili zinaelewana bei. Mbwana Samatta alipotoka TP Mazembe kwenda Genk ya Ubelgiji mu Januari 2016, ilibidi Genk izungumze kwanza na Lubumbashi. Besiboli ya Marekani ina desturi nyingine. Timu zinabadilishana wachezaji, mtu kwa mtu. Na mchezaji akimaliza miaka sita mu ligi kubwa, mkataba wake ukiisha, anakuwa huru. Anaenda kwa anayemlipa vizuri, na timu yake ya zamani haipati bei yoyote. Mara nyingine inapewa tu nafasi ya ziada ya kuchagua kijana asiyejulikana bado.

Uhuru huo haukuanguka kutoka mbinguni. Zamani mchezaji alikuwa kama mali ya timu: hata mkataba ukiisha, hakuweza kwenda pengine bila ruhusa. Mu 1969 Curt Flood, mchezaji mweusi wa St. Louis, alikataa kupelekwa Philadelphia bila kuulizwa. Alishitaki, na mu 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ikamkatalia. Kazi yake uwanjani ikawa imekwisha. Ni mu Desemba 1975 ambapo msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, wako huru. Tangu siku ile bei za nyota zilianza kupanda. Zimefika mahali ambapo Juan Soto, mu Desemba 2024, alipewa na New York Mets dola milioni 765 kwa miaka 15.

Kwa hiyo nyota anayedai pesa nyingi haibi mtu. Amengoja miaka sita, na wengine walipoteza kazi juu ya haki ile. Swali ni la anayelipa: je, mfuko wake unaweza kubeba mzigo huo?

Hesabu ya mama wa sambaza

Ligi hii haina kikomo cha mishahara. Kuna kodi tu kwa timu zinazopita kiwango fulani, dola milioni 241 mu 2025. Tajiri analipa kodi na kuendelea. Mu 2025, pesa ya mishahara ya Milwaukee haikufika nusu ya ile ya Los Angeles Dodgers.

Tuseme timu mbili zinamtaka nyota mmoja wa dola milioni 40 kwa mwaka. Ya kwanza iko na milioni 300 za mishahara. Ikimlipa, inabakia na milioni 260 kwa wachezaji wengine 25, yaani zaidi ya milioni 10 kwa kila mmoja. Ya pili iko na milioni 100. Ikimlipa yeye yule, inabakia na milioni 60 kwa watu 25: milioni mbili na nusu hivi kwa kila mmoja. Nyota ni yule yule, bei ni ile ile, lakini mzigo si mmoja. Akiumia, timu ya kwanza inakasirika. Timu ya pili inalala njaa.

Mama anayeuza sambaza kando ya ziwa Kivu anaielewa hesabu hii bila kalamu. Mtaji wake ukiwa dola 100, hawezi kutia 40 mu beseni moja ambayo jua linaweza kuiharibu mbele ya saa sita. Si kwamba samaki ile ni mbaya. Inaweza kuwa nzuri kuliko zote pale sokoni. Ni kwamba ikioza, kesho hana na kitu cha kurudia.

Tena kuna mambo ya umri. Wengi wanaingia ligi kubwa wakiwa na miaka 23 ao zaidi. Ukiongeza miaka sita, uhuru unawakuta karibu na 30. Timu inanunua jina lililojengwa mu miaka ya nguvu, kisha inalipa miaka ambayo nguvu inashuka. Burnes alikuwa na miaka 30. Kris Bryant pia alikuwa na 30 wakati Colorado Rockies ilipompa dola milioni 182 kwa miaka saba, mu Machi 2022. Mgongo na majeraha mengine yakamshika. Mu misimu minne alicheza mechi 170 kati ya 648. Mu 2025 Colorado ilishinda mara 43 na kupigwa mara 119, moja ya misimu mibaya kabisa ya besiboli ya kisasa.

San Diego ilijaribu

Wamoja watajibu kwa mfano wa San Diego Padres, na ni mfano wenye uzito. Mji ule si New York. Mu 2017 timu yake ya futiboli ya Kiamerika, Chargers, ilihamia Los Angeles, na watu wakabaki na uchungu. Mu Februari 2019 Padres wakampa Manny Machado dola milioni 300 kwa miaka 10. Wengi walicheka. Lakini timu ambayo haikuwa imeingia mu mechi za mwisho tangu 2006 iliingia mu 2020, 2022, 2024 na 2025. Uwanja ulijaa: tangu 2023 wanapita watu milioni tatu kila msimu. Pesa ya nyota ilirudi kwa njia ya tiketi, na zaidi ya pesa, mji ulipata tena kitu cha kushangilia.

Hata hivyo, mambo mawili yanapaswa kuangaliwa. La kwanza, Machado alikuwa na miaka 26 tu, kwa sababu aliingia ligi kubwa akiwa kijana sana. Nyota huru wa umri ule ni wachache. La pili, Padres hawakusimama pale. Waliongeza mwingine na mwingine, kama Xander Bogaerts, dola milioni 280 kwa miaka 11, naye akiwa na miaka 30. Mu 2023, pamoja na nyota wote wale, walishinda 82 na kupigwa 80, wakakosa mechi za mwisho. Desemba ya mwaka ule wakamtoa Juan Soto kwa New York Yankees, wakapata warushaji kadhaa. Mwaka uliofuata, bila Soto, walishinda mechi 93.

Kumbe nyota mmoja, kijana, kwa wakati wake, anaweza kuinua mji. Kukusanya nyota juu ya nyota njo kunachosha mfuko.

Umaskini wa kweli na umaskini wa mdomo

Sasa patro asishangilie mapema. Kuna wenye timu wanaosema "sisi ni wadogo" kila mwaka, na wapenzi wanabaki kutazama. Timu za ligi hii zinagawana sehemu kubwa ya mapato, na ndogo zinapokea kutoka kwa kubwa. Pesa ile ilikusudiwa kuisaidia timu kucheza vizuri zaidi. Mu Februari 2018 chama cha wachezaji kilipeleka malalamiko rasmi juu ya timu nne, Pittsburgh, Tampa Bay, Miami na Oakland, kikidai hazikuitumia inavyopaswa. Pittsburgh iko na Paul Skenes, aliyechaguliwa mrushaji bora wa upande wake wa ligi mu 2025. Lakini msimu ule timu ilishinda mara 71 tu, na mechi za mwisho haijaziona tangu 2015. Oakland nayo, ambayo mu 2002 ilishangaza watu kwa kushinda mechi 103 kwa mishahara ya karibu milioni 40, ilihama mji nyuma ya msimu wa 2024. Wapenzi wa kule hawana tena hata timu ya kulalamikia.

Njo maana neno "tusinunue nyota" haliwezi kuwa jibu peke yake. Lazima ulize: na ile pesa mlienda nayo wapi?

Njia ya Kansas City

Kansas City Royals walionyesha njia ya katikati. Mu 2023 walipigwa mara 106. Badala ya kukimbilia jina kubwa kuliko yote sokoni, walifanya mambo mawili. Walitafuta warushaji wa daraja la pili, watu wa kazi: Seth Lugo kwa dola milioni 45 mu miaka mitatu, na Michael Wacha kwa milioni 32 mu miaka miwili. Kisha, mu Februari 2024, wakamfunga mtoto wa nyumbani, Bobby Witt Jr., aliyekuwa na miaka 23, kwa zaidi ya milioni 288 na miaka 11, mbele hajafika kwenye soko la wachezaji huru.

Msimu ule walishinda 86, wakaingia mu mechi za mwisho, wakaitoa Baltimore, kisha wakashindwa na Yankees. Lugo alikuwa wa pili mu kura ya mrushaji bora wa upande wao. Mwaka wa 2025 walirudi chini kidogo, 82 kwa 80, wakakosa. Si muujiza. Lakini mpenzi wa Kansas City anajua atamwona Witt miaka mingi, mu ile miaka yenyewe ya nguvu.

Hata kumlipa wa nyumbani kunaweza kuuma. Milwaukee ilimpa Christian Yelich mkataba wa dola milioni 215 mu Machi 2020, kisha mgongo ukamsumbua mpaka operesheni ya 2024. Tofauti ni kwamba Milwaukee haikuongeza mzigo wa pili wa namna ile. Ilivumilia mmoja, na Yelich alirudi uwanjani na timu ile ya ushindi 97.

Na kombe je?

Hapo njo swali linauma. Mu 2025 Milwaukee iliwapiga Dodgers mara zote sita mu msimu wa kawaida. Oktoba ilipofika, mbele ya fainali, Dodgers wakaipiga mara nne mfululizo, wakaenda kuchukua kombe la pili mfululizo, wakiwa na Shohei Ohtani wao wa dola milioni 700. Milwaukee iliona fainali mara moja tu, mu 1982, na ikapoteza. Akili inakufikisha mlangoni. Makuta mara nyingi yanakuwa yameshaingia ndani.

Lakini si kila siku. Mets walitumia pesa kuliko wote mu 2023, wakapigwa mara 87. Mu 2025, na Soto ndani, walikosa mechi za mwisho. Na Kansas City ilichukua kombe mu 2015.

Mkataba kati ya wenye timu na chama cha wachezaji unaisha tarehe 1 Desemba 2026. Wenye timu wengi wanataka kikomo cha mishahara, chama kinakataa tangu zamani. Kikija kikomo bila kulazimisha timu ndogo kutumia kiasi fulani, patro wa mji mdogo atapata sababu mpya ya kufunga mfuko.

Mpaka siku ile, timu ya makuta kidogo inayotaka nyota ijiulize maneno matatu: ana miaka mingapi, atakula sehemu gani ya sufuria, na akiumia kesho tutabakia na nini? Majibu yakiwa mabaya, imwache aende, bila haya. Lakini makuta yaliyobakia yaonekane uwanjani, kwa kijana wa nyumbani na kwa watu wa kazi. Mpenzi anayenunua tiketi haombi Soto. Anaomba aone kwamba pesa yake imefika pale ilipotumwa.